Ubovu Nao Uandikwe

Upo uongo ambao hausemwi kwa mdomo. Huandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari la mpimaji wa miti. Uongo wenyewe ni huu: kuupima mti uliosimama, kuona dhahiri kwamba una maradhi ndani, kisha kuuandika kuwa ni mzima. Hauna kelele. Lakini wapo watu wanaoulipia kwa fedha taslimu, na nia yangu katika kurasa hizi ni kuupinga, pamoja na ndugu yake anayejiita "wastani".

Huenda ndugu msomaji akajiuliza, mkazi wa Marui ana neno gani na misindano? Huku kwetu Kisarawe tuna mikorosho, miembe na minazi. Msindano hatuuoni ila ukishakuwa mbao, umefungwa juu ya lori lililotoka Mafinga au Njombe. Ni kweli. Lakini hebu tazama juu ya kichwa chako hapo ulipoketi. Nyumba nyingi za bati katika mkoa huu wa Pwani na kwa jirani zetu wa Dar es Salaam zimebebwa na mbao za msindano. Isitoshe, wapo watu wa huku waliokwenda kununua ekari Mufindi na Makete wakapanda miti hiyo kama akiba ya uzeeni, na sasa miti imekua na wanunuzi wameanza kubisha hodi. Na mimi mwenyewe, kabla sijarudi nyumbani kulima, nilizunguka miaka kadhaa katika mashamba ya miti ya nyanda za juu za kusini, utepe wa kipenyo shingoni na daftari mfukoni. Kwa hiyo nisemayo nayajua.

Tuanze na jambo lenyewe. Mti uliosimama hauwekwi kwenye mizani. Mpimaji huzungusha utepe usawa wa kifua, yaani meta 1.3 kutoka chini, akapata kipenyo. Kisha hurudi nyuma akapima urefu kwa kifaa cha pembe. Kwa namba hizo mbili huingia katika jedwali, na jedwali humpa ujazo. Majedwali hayo hayakubuniwa tu. Kwa msindano aina ya patula wa Sao Hill, kwa mfano, Malimbwi na Philip walichapisha mwaka 1989 utaratibu wa kukadiria ujazo wa shina na jinsi linavyopungua unene kadiri linavyopanda juu. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini jedwali hujibu swali moja tu: ndani ya ganda hili mna nafasi kiasi gani? Halijui kama nafasi hiyo imejaa mti au imejaa unga. Kulijua hilo ni kazi ya macho, ya masikio na ya uaminifu wa mtu.

Wapo wanaosema kwamba ubovu wa ndani haujulikani mpaka mti uangushwe, kwa hiyo tusisumbuane. Hawa hawajatembea msituni, au wametembea wakiwa wanaangalia saa. Kovu la moto chini ya shina ni mlango wa kuvu. Tawi lililopogolewa vibaya kwa panga, ganda likachunika, ni mlango wa pili. Ganda lililoparuliwa na trekta wakati wa kupunguzia miti, au lililobanduliwa na kima, ni mlango wa tatu. Kilele kilichovunjwa na upepo ni mlango wa juu kabisa. Na ule uyoga mgumu unaotokeza ubavuni mwa shina kama rafu, huo si mlango tena. Hiyo ni bendera ya mpangaji aliyekwisha hamia. Ukiligonga shina kwa mgongo wa shoka likaitika kama ngoma, unajua pana mvungu. Kweli, ubovu mchanga unaweza kuitika kama mti mzima, na ndiyo maana penye shaka huletwa keekee, mti ukatobolewa mpaka moyoni. Muuza nazi sokoni huitikisa nazi sikioni na kuigonga kabla ya kuihesabu. Je, nazi ya shilingi chache istahili uangalifu ambao mti wa miaka 25 haustahili?

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sijui mti uliofundisha methali hiyo kwa vitendo kuliko mwangati, ambao huko Kenya wengi huuita mtarakwa. Huo ni mti jamii ya misonobari ulio wa kwetu hasa. Humea milimani Kenya, na kwetu Tanzania unapatikana Shume katika Usambara, Meru na Kilimanjaro. Nguzo yake ya uzio hukaa ardhini miaka mingi mno na mchwa hawaigusi. Mbao zake zilitengenezwa penseli. Hata hivyo mti huohuo, ukiwa bado umesimama na majani yake mabichi, hushambuliwa na kuvu mmoja ambaye hula moyo wake na kuuacha mtupu kama bomba. Kuvu huyo hutoa uyoga wa umbo la kwato. Aidha shina la mwangati mzee lina mifereji, basi utepe ukizungushwa hupita juu ya mifereji na kupima hewa pamoja na mti. Hivyo mtu anaweza kununua hewa mara mbili katika mti mmoja: hewa ya nje ya ganda na hewa ya ndani ya moyo.

Sasa tufanye hesabu, maana mjadala usio na hesabu ni soga. Chukua msindano wenye kipenyo cha sentimeta 40 na urefu wa meta 24. Tukichukulia kwamba shina lake ni asilimia 45 ya nguzo iliyonyooka yenye unene na urefu huo, ujazo wake ni meta za ujazo 1.36 hivi. Tuseme gogo la chini, lenye urefu wa meta 3 na kipenyo cha wastani cha sentimeta 38, lina ubovu wa katikati wenye upana wa sentimeta 15 kutoka mwanzo hadi mwisho. Tutoe kiasi gani?

Mtu wa kwanza atasema: toa ubovu wenyewe tu. Ubovu huo una ujazo wa meta 0.053, yaani asilimia 4 ya mti. Mtu wa pili, aliyewahi kusimama kwenye mashine, atasema: msumeno haukati duara. Ubovu wa mviringo hutolewa kwa mraba, tena kwa kuacha nafasi kidogo pembeni, kwa kuwa hakuna anayetaka ubao wenye ukingo laini kama sponji. Mraba wa sentimeta 20 kwa 20 kwa meta 3 ni meta za ujazo 0.12, karibu asilimia 9 ya mti. Mtu wa tatu ana oda ya mbao pana. Yeye, akiitazama ile pete ya mti mzima iliyobaki, yenye unene wa sentimeta 11 na nusu tu kila upande, atasema: gogo hili kwangu halifai kabisa, litoe lote. Hapo ni meta 0.34, yaani robo ya mti.

Asilimia 4, asilimia 9, asilimia 25. Mti ni ule ule, ubovu ni ule ule, na wote watatu hawajasema uongo. Aliyesema uongo ni wa nne, yule aliyeandika sifuri. Na wa tano, ambaye nitamfikia sasa hivi, ni yule aliyekaa ofisini akaandika kiwango kimoja kwa kila mti wa shamba zima.

Kabla sijamfikia, hesabu hii imetufundisha jambo. "Mti usiofaa" si sifa ya mti peke yake. Ni uhusiano wa mti na kazi. Mti uliopinda au wenye panda hauna maradhi yoyote. Kwa mpasuaji wa mbao ni hasara, lakini kiwandani Mgololo, ambako karatasi ilianza kutengenezwa mwaka 1985, mti hukatwakatwa vipande vidogo na kupikwa, hivyo kupinda kwake si hoja kubwa. Kinyume chake, mti ulionyooka kama mshale lakini umeoza moyoni haumfai huyu wala yule. Kwa hiyo mpimaji asiandike kiasi tu. Aandike na aina. Wala tusichanganye ubovu wa mti na uzembe wa mashine. Mabanzi na unga mwingi unaotoka kwenye mashine ndogo za dingdong zenye msumeno mnene ni hasara ya msumeno. Mnunuzi akija kudai apunguziwe bei kwa hasara ya msumeno wake akiisingizia miti, naye afukuzwe.

Sasa huyu wa tano. Katika siku zangu za kazi, mkubwa mmoja aliwahi kuniambia baada ya kuona daftari langu lina safu ya maelezo pembeni: "Kazi yako ni kupima, si kutabiri. Ubovu tutautoa kwa wastani mwishoni." Sitataja jina lake wala la ofisi yake, kwa sababu ugomvi wangu si na mtu, ni na fikra hiyo, ambayo nimeikuta kwa wengi. Nao wana hoja yao. Wanasema miti ni maelfu, wapimaji ni wachache, na kosa la mti mmoja hufutwa na la mwingine. Kwa mwenye shamba zima hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mnunuzi mdogo hanunui shamba zima. Ananunua kipande. Kipande cha bondeni, ambacho moto haukukigusa, kitatolewa kiasi kilekile na kipande cha mlimani kilichoungua mara mbili. Wa bondeni anapewa punguzo la ugonjwa ambao miti yake haina. Wa mlimani analipia mbao ambazo Mungu hakuziumba. Ukiwajumlisha hao wawili unapata haki kwenye karatasi. Ukiwatembelea nyumbani, mmoja anajenga na mwingine anauza baiskeli.

Na lipo baya zaidi. Wastani humfundisha mpimaji kutoona. Mtu akishajua kwamba atakachokiona hakitaandikwa, baada ya wiki moja haoni tena. Kovu la moto linakuwa rangi tu ya ganda. Uyoga unakuwa pambo. Na shamba linapoteza shahidi wake pekee. Maana ile safu ya ubovu, ikiandikwa mti kwa mti pamoja na sababu, si punguzo la bei peke yake. Ni cheti cha daktari. Makovu mengi ya moto yanasema barabara za kuzuia moto hazikufyekwa. Ubovu unaoanzia kwenye vifundo unasema upogoaji ulifanywa na watu wasiofundishwa. Mizizi iliyooza, uyoga ukichomoza shinani, inasema visiki vya msitu wa zamani viliachwa vikarithisha maradhi kwa miche. Mkubwa anayekataa safu hiyo mara nyingi hakatai hesabu. Anakataa kusomewa cheti chake. Lakini mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kwamba kumbukumbu kama hizi zina kazi, historia inathibitisha. Huko Marekani, mwaka 1916, mtaalamu wa maradhi ya miti E. P. Meinecke alichapisha uchunguzi wake juu ya miti jamii ya misonobari, akihusisha kuoza kwa mti na umri wake na majeraha yake, ili wenye misitu wajue wakati gani kuendelea kuusubiri mti ni kufuga ubovu. Hakuupata ujuzi huo kwa kutoa wastani. Aliipasua miti akaitazama. Na kwetu hapa, mwaka 1957 ulipogunduliwa Tanganyika ule ugonjwa wa kukausha majani ya msindano aina ya radiata, na kisha ukaonekana Kenya mwaka 1960, waliokuwa wakiitazama miti yao kwa makini walijua kwamba aina hiyo haina maisha hapa. Ikaachwa, ikapandwa zaidi patula yenye asili ya Mexico. Paa lililo juu yako huenda ni matunda ya uamuzi huo. Je, ungefanyika kama ugonjwa ungemezwa ndani ya tarakimu moja ya wastani?

Sasa nije kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo wapinzani wangu huisema kwa sauti ya chini. Wanasema: ukimruhusu mpimaji kutoa ubovu kwa macho yake, umemkabidhi kisu. Leo ataandika asilimia 9, kesho mnunuzi atamletea soda yenye noti chini ya chupa, na mti mzima utaandikwa mbovu kwa asilimia 40. Hoja hii siidharau. Rushwa ipo, na miti ya umma ni mali ya mtoto wa Kisarawe kama ilivyo ya mtoto wa Mufindi. Kwa miaka mingi bei ya miti ya mashamba ya serikali ilipangwa kwa meta ya ujazo na kwa daraja la kipenyo. Kila meta inayofutwa kwa hila ni dawa iliyopungua zahanati fulani.

Lakini tazama dawa wanayoitoa. Kwa kuwa mpimaji anaweza kudanganya kwa kuandika, basi asiandike kitu! Ni sawa na kuvunja mizani kwa sababu muuza nyama anaweza kuigandamiza kwa kidole. Kinachofuga rushwa si kukadiria ubovu. Ni kukadiria kusikokaguliwa. Na mti una sifa moja ambayo bidhaa nyingi hazina: ukishauzwa na kuondoka, unaacha kisiki. Kisiki hakipokei soda. Kikiwa na moyo mzima wakati daftari linasema umeoza, mwizi ameonekana. Kikiwa na pango wakati daftari linasema sifuri, mzembe ameonekana.

Halafu tugeuze sarafu. Nimezungumza kana kwamba anayepunjwa ni mnunuzi siku zote. Sivyo. Hapa kwetu Pwani tunaifahamu biashara ya kununua embe zikiwa bado mtini. Mchuuzi huuzunguka mwembe, hutazama juu, hutikisa kichwa, kisha huanza kuhesabu kwa sauti zitakazopukutika, zitakazoliwa na popo na zitakazoingia funza. Mwenye mwembe, ambaye ana ada ya shule ya kulipa, anaanza kuuona mwembe wake kama kichaka. Ndivyo ilivyo kwa mkulima wa Makete au Njombe mwenye nusu ekari ya misindano. Dalali huja bila utepe wala keekee, hugonga mti mmoja, husema "mzee, hii imeoza", na bei ya shamba zima hushuka. Miti huuzwa kwa jicho, na jicho ni la mwenye fedha.

Umeona basi? Serikali inapouza, ubovu unafichwa, na mnyonge anayeumia ni mpasuaji mdogo. Mwanakijiji anapouza, ubovu unatiwa chumvi, na mnyonge anayeumia ni mwanakijiji. Njia ni mbili, lakini ujinga ni mmoja, na kila mara humtafuta yule asiye na nguvu ya kubisha. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kupima ubovu si jambo dogo la mafundi. Ni jambo la haki.

Kinachotakiwa si mitambo. Daftari liwe na safu tatu za ziada: aina ya ubovu, mahali ulipo kwenye shina, na kiasi kilichotolewa pamoja na kanuni iliyotumika. Mti uliotolewa ubovu upakwe alama ya rangi ili mtu wa pili aukute. Mpimaji asiende peke yake, na mnunuzi au mwakilishi wake awepo, aone na atie sahihi. Baada ya kukata, mti mmoja katika kila kumi ukaguliwe kisikini na mtu asiyekuwepo siku ya kupima, na matokeo yabandikwe ubaoni pale pale kijijini. Wakala wa Huduma za Misitu, ulioanzishwa mwaka 2010, una vijana waliosomea kazi hii. Chuo cha misitu Olmotonyi na Chuo Kikuu cha Sokoine vimewafundisha. Waruhusiwe kufanya walichofundishwa. Na mkulima mdogo naye asiuze kabla hajazungusha utepe mwenyewe. Utepe wa fundi cherehani unatosha: mzingo gawanya kwa 3.14, kipenyo unacho. Atakayemwambia miti imeoza, amwambie: nionyeshe, twende mti kwa mti.

Wengine watasema kazi hiyo ni ndefu. Ni ndefu, ndiyo. Kukuza msindano mpaka uvunwe ni ndefu zaidi, na aliyeulinda na moto miaka yote hiyo hakulalamika kuhusu muda. Dakika tano za kuuzunguka, kuugonga na kuandika ulichokiona si nyingi kwa mti uliosimama robo karne. Nazi mbovu harabu ya nzima, nasi tukiendelea kuihesabu nazi mbovu pamoja na nzima, tusishangae siku moja tukipika na tui likawa chungu.